Kuchora Pwani na Mito kwa Inkscape: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Delta ya Rufiji na Mafia

Anayeanza kuchora ramani kwenye kompyuta hujifunza pwani haraka, na mto hujifunza haraka pia. Anakokwama ni pale viwili hivyo vinapokutana. Mto unaishia kabla ya kufika baharini, au unaivuka pwani na kuendelea juu ya maji, au mstari wa pwani unapita mbele ya mlango wa mto na kuuziba. Nimeyaona makosa haya kwenye kazi za wanafunzi wa jiografia, kwenye vipeperushi vya utalii na kwenye ripoti za mazingira zilizogharimu fedha nyingi.

Karibu kila mara chanzo ni mpangilio wa kazi. Mto umechorwa kabla ya kuamuliwa pwani iko wapi, na pwani imechorwa kabla ya kuamuliwa skeli, yaani uwiano wa ramani na ardhi. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo hapa na sehemu kubwa ya makosa hayo haitatokea.

Mfano wetu ni delta ya Rufiji pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa sababu pale kila kigumu kipo: mto mkubwa, mikondo inayogawanyika, mikoko, mafungu ya mchanga yanayofunikwa na kufunuliwa na maji, na visiwa vikubwa kwa vidogo. Ukiimudu Rufiji, mlango wa Pangani hautakusumbua.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye kipanya. Padi ya kugusa ya laptopu inawezekana, lakini mikunjo ya pwani itakuchosha.
- Inkscape, programu ya kuchora, toleo lolote kuanzia 1.0. Ni bure, na faili zake ni za SVG (michoro ya mistari isiyopoteza ubora ikikuzwa). Amri nyingi hapa nimezitaja kwa vitufe vya kibodi, maana menyu huhama toka toleo hadi toleo.
- Picha ya msingi ambayo unajua kingo zake kwa latitudo na longitudo. QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni bure, inakuruhusu kuandika kingo hizo kwa namba kabla ya kutoa picha.
- Printa, hata ya nyeusi na nyeupe. Skrini peke yake hudanganya kuhusu unene wa mistari.

Kuhusu chanzo cha picha, kuwa makini. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure na kila pikseli yake ni mita 10 ardhini, zaidi ya unavyohitaji hapa. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inaruhusu kuchora juu yake mradi uwataje wachangiaji wake kwenye ramani. Natural Earth, hazina ya data za ramani za dunia, haina masharti yoyote, lakini data yake ya kina zaidi imeandaliwa kwa skeli ya 1:10,000,000. Inafaa kwa ramani ya Afrika Mashariki nzima kwenye ukurasa mmoja. Ukiikuza mpaka delta ijae karatasi utabaki na pembe chache butu zisizofanana na chochote. Ramani za Google usizichore juu yake, masharti yao hayaruhusu.

## Hatua ya 1: Amua skeli kabla ya kugusa kalamu

Skeli ndiyo inayosema kisiwa kipi kibaki na mkondo upi uachwe. Bila hiyo utachora kila kona unayoiona, kisha ukikuta ramani imejaa vurugu utafuta ovyo.

Tutumie 1:1,000,000. Uzuri wake ni kwamba milimita 1 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini, hivyo hesabu zote unazifanya kichwani. Chukua eneo la 38°40′ hadi 40°00′ Mashariki, na 7°20′ hadi 8°20′ Kusini. Karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 110 kwa pande zote mbili, kwa hiyo eneo letu ni karibu milimita 147 kwa upana na 110 kwa kimo. Linaenea vizuri kwenye A4 na nafasi ya maelezo inabaki.

Bonyeza Shift+Ctrl+D na uweke ukurasa wenyewe uwe 147 × 110 mm. Sababu: kitakachozidi ukingo wa ukurasa kitakatwa chenyewe wakati wa kutoa ramani, na hutahitaji kuhangaika na fremu.

Sasa andika sheria zako mahali unapoziona. Hizi ndizo ninazotumia kwa skeli hii:

- Mstari mwembamba kuliko wote: 0.15 mm. Chini ya hapo printa nyingi huukata vipande.
- Kisiwa chenye upana chini ya 0.5 mm hakichorwi, isipokuwa kina watu au kina jina ambalo msomaji atalitafuta.
- Maji yenye upana wa zaidi ya 0.5 mm, yaani nusu kilomita, huchorwa kwa kingo zake mbili. Yaliyo membamba zaidi huchorwa kwa mstari mmoja.

Kanuni hiyo ya tatu ishike vizuri. Mlango wa mto utakapofika, itafanya kazi kubwa.

## Hatua ya 2: Weka picha na leya

Ingiza picha kwa Ctrl+I, ipe upana wa 147 mm na kimo cha 110 mm, na iweke sawasawa na kona za ukurasa. Kama picha inakataa kulingana na vipimo hivyo bila kuvutwa upande mmoja, kingo zake si zile ulizodhani. Rudi ukaitoe upya. Usiivute kwa nguvu.

Fungua leya (tabaka za mchoro) kwa Shift+Ctrl+L na uzipange hivi, kutoka juu kwenda chini: Majina, Mito, Nchi kavu, Bahari, Picha. Funga leya ya Picha kwa alama ya kufuli ili isisogee. Kwenye Bahari chora mstatili unaozidi ukurasa kwa milimita 5 kila upande, uujaze buluu hafifu (`#cfe6f2`), kisha uifiche leya hiyo mpaka utakapoihitaji.

Bahari iko chini na nchi kavu inakaa juu yake. Wengi hufanya kinyume, wakachora bahari yenye matundu ya visiwa, na kila kisiwa kinachoongezwa kinakuwa kazi ya kukata upya.

## Hatua ya 3: Amua pwani ni ipi

Hatua hii haina hata bonyezo moja la kipanya, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Pwani yetu maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4 wakati wa bamvua, siku za maji makubwa. Kwenye delta tambarare kama ya Rufiji, tofauti hiyo inahamisha ukingo wa maji kwa umbali mkubwa. Picha ya setilaiti iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa itakuonyesha mafungu ya mchanga na tope kama nchi kavu. Iliyopigwa yakiwa yamejaa itayaficha yote. Ukichanganya picha mbili za saa tofauti, kaskazini mwa ramani yako kutakuwa na pwani ya maji kupwa na kusini pwani ya maji kujaa.

Kwa ramani ya kawaida chora ukingo wa maji kujaa. Mikoko ichukulie kuwa nchi kavu: ukingo wa nje wa mikoko ndio mstari wako, hata kama mizizi yake inaoga chumvi mara mbili kwa siku. Msomaji anayesafiri kwa mashua anaiona mikoko kama ufuo. Mafungu, ukitaka kuyaonyesha, yapate leya yake na alama ya nukta, yasiwe sehemu ya umbo la nchi.

Onyo: usitumie amri ya programu ya kugeuza picha yenyewe kuwa vekta, yaani mistari. Haijui fungu ni nini. Inachora mawingu, vivuli na povu la mawimbi, na inakuachia maelfu ya nodi (vidoti vinavyoshika umbo la mstari) ambazo kuzisafisha ni kazi ndefu kuliko kuchora upya.

## Hatua ya 4: Chora pwani ya bara kama umbo lililofungwa

Chagua leya ya Nchi kavu. Bonyeza B upate kalamu. Weka rangi ya ndani iwe tupu kwa sasa, na ukingo uwe mstari wa rangi inayoonekana vizuri juu ya picha, kwa mfano waridi kali.

Anza milimita 5 juu ya ukurasa na ushuke na pwani kuelekea kusini. Bonyeza na kuvuta panapopinda, bonyeza tu bila kuvuta penye kona. Nodi iwekwe pale mwelekeo wa pwani unapobadilika, wala si kila baada ya hatua sawa. Ufukwe ulionyooka wa kilomita 10 unatosheka na nodi mbili, lakini ncha ya kisiwa cha delta inaweza kutaka nne ndani ya milimita tatu. Ukikosea, Backspace hufuta nodi ya mwisho bila kuikata njia.

Ukifika kwenye kila mlango mpana wa delta, ingia nao. Fuata ukingo wa kaskazini kuelekea ndani mpaka maji yapungue kufikia 0.5 mm, geuka, na utoke kwa ukingo wa kusini. Usiupite mlango kwa mbele hata kama unaahidi kurudi baadaye. Hapa ndipo pwani zilizozibwa zinapozaliwa.

Baada ya kupita milimita 5 chini ya ukurasa, peleka mstari magharibi nje ya ukingo, upandishe, uirudie nodi ya kwanza na uibonyeze ili umbo lifunge.

Utajuaje umefaulu: jaza umbo rangi nyekundu. Nchi yote ya upande wa magharibi ikiwa nyekundu na bahari ikabaki wazi, umbo limefunga. Wekundu ukikata baharini kwa mstari ulionyooka, njia haijafunga: tafuta nodi mbili za mwisho, zichague kwa zana ya nodi (N), bonyeza Shift+J.

## Hatua ya 5: Visiwa

Mafia ina urefu wa takriban kilomita 50, kwa hiyo kwako ni sentimita 5. Ichore kama umbo lake mwenyewe, kisha Juani, Jibondo na Bwejuu.

Chole, iliyo kati ya Mafia na Juani, inakaribia milimita 1 tu. Kwa kipimo kitupu ungeweza kushawishika kuiacha. Iache ibaki, na uikuze kidogo ikibidi, kwa sababu watu wanaishi pale na ghuba yote inaitwa kwa jina lake. Unapokuza kisiwa hakikisha maji yanayokizunguka hayafungi: nafasi ya 0.3 mm kati ya fukwe mbili ni kiasi cha chini kabisa, la sivyo kwenye karatasi visiwa viwili vitasomeka kimoja.

## Hatua ya 6: Punguza nodi kwa mkono

Ctrl+L hurahisisha njia. Bonyeza mara moja, tazama, na uwe tayari na Ctrl+Z. Ukiibonyeza mara kadhaa kwa haraka nguvu yake huongezeka kila mara, na ncha za visiwa zitayeyuka kuwa viazi.

Mimi naona kazi nzuri zaidi hufanywa kwa N. Chagua nodi zisizobadilisha umbo, uzifute. Programu itajaribu kulinda mkunjo. Kisha pita kwenye kona za milango na uzifanye kali kwa Shift+C. Fukwe za mchanga zibaki laini, Shift+S. Tofauti hiyo kati ya laini na kali ndiyo inayoifanya pwani ionekane ya kweli. Mitikisiko midogo ya kubuni haiongezi kitu.

Weka rangi za mwisho sasa: nchi kavu rangi hafifu ya mchanga, ukingo 0.25 mm wa buluu iliyokolea (`#2b7bb0`). Fichua Bahari.

## Hatua ya 7: Chora mto kwa kuufuata unavyotiririka

Ficha Bahari tena na upunguze Opacity ya leya ya Nchi kavu ili picha ionekane chini yake; uzirudishe ukimaliza Hatua ya 8. Nenda leya ya Mito. Rangi ya ndani tupu, mstari `#2b7bb0`, ncha na maungio ya mviringo.

Kila mto chora kutoka juu kwenda chini, yaani nodi ya kwanza upande wa chanzo na ya mwisho upande wa bahari. Mkunjo utakuwa ule ule ukianza upande wowote, lakini programu inakumbuka mwelekeo, na unene na majina vitautegemea. Rufiji kwenye ramani yetu haina chanzo, inaingia kwa ukingo wa magharibi, kwa hiyo anza milimita 5 nje ya ukurasa, pita Utete, shuka hadi unapoanza kugawanyika.

Mipindo ya mto wa tambarare ina ukubwa unaolingana na mto wenyewe. Kama skeli haikuruhusu kuchora mipindo yote, chora michache zaidi yenye umbo lile lile, badala ya kuinyoosha yote. Mto ulionyooshwa unamwambia msomaji kwamba bonde ni jembamba na lenye mteremko, na Rufiji ya chini sivyo ilivyo.

Tawimto liungane na mto mkuu kwa pembe kali inayoelekea chini, kama picha inavyoonyesha mahali pengi. Nodi yake ya mwisho ikae katikati ya mstari wa mto mkuu, na yenyewe iwe chini ya mto mkuu katika mpangilio. Washa unasaji (snapping) wa nodi kwa kitufe cha % ili isikosee.

### Unene

Mto wenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho unasomeka kama bomba. Unene uongezeke penye maungio. Ukichora bonde zima la Rufiji kwenye ukurasa, Kilombero na Luwegu ziwe 0.3 mm hadi zinapokutana kwenye maporomoko ya Shughuli, ambapo jina la Rufiji linaanza. Toka hapo 0.4, na baada ya Ruaha Mkuu kuingia, 0.5. Njia nyepesi ni kukata mto vipande kwenye kila ungio na kukipa kila kipande unene wake.

Ukitaka uongezeke taratibu, chagua njia, fungua Path Effects kwenye menyu ya Path, ongeza Power Stroke (inayobadilisha unene kando ya njia), kisha bonyeza N na uvute vidoti vinavyojitokeza juu ya njia. Ctrl na bonyezo kwenye kidoti huongeza kingine. Hapa ndipo unapouona umuhimu wa kuchora kutoka chanzo: vidoti vya mito yote vinapangana kwa mwelekeo mmoja.

## Hatua ya 8: Mlango wa mto

Kuna hali mbili, na kila moja ina njia yake.

Mkondo mwembamba kuliko 0.5 mm hadi mwisho. Mstari wa mto ukomee juu ya mstari wa pwani, nodi yake ya mwisho ikiwa katikati ya ukingo ule. Kwa kuwa rangi ni moja, huyeyukiana. Usiupeleke baharini hata kidogo: buluu iliyokolea juu ya buluu hafifu itaonekana.

Mkondo unaofunguka kuwa mpana. Milango mikubwa ya Rufiji iko hivi. Bahari huingia na kutoka ndani yake, na ndiyo maana mkondo hupanuka upesi unapokaribia pwani. Uliingia nayo kwenye Hatua ya 4, kwa hiyo mstari wa mto unakuja kukutana na kichwa cha ghuba nyembamba ambayo tayari ipo. Ukomeshe pale. Upana wa mstari na upana wa maji vinalingana, jicho halioni mshono.

Endapo kuna mlango uliousahau, fanya hivi:

1. Chora mstari wa katikati wa mkondo, uuvuke ufuo kwa milimita 2 kuelekea baharini.
2. Upe upana kwa Power Stroke: 0.5 mm ndani, na upana halisi mlangoni.
3. Ugeuze kuwa umbo kwa Shift+Ctrl+C.
4. Tengeneza nakala ya nchi kavu kwa Ctrl+D na uifiche. Hutaweza kurudisha kilichokatwa ukishafunga faili.
5. Chagua umbo la mkondo pamoja na nchi kavu, mkondo ukiwa juu, kisha Ctrl+- (kitufe cha kutoa).

Nchi itakatwa, bahari itaonekana ndani ya mkondo, na mstari wa pwani utazunguka kingo zote mbili bila wewe kuuchora.

Sasa tatizo la delta yenyewe. Si kila maji yanayokata mikoko ni mkono wa Rufiji. Mengine ni hori: yanaingia kutoka baharini, yanapinda, yanakwisha kwenye tope bila kuufikia mto. Anayechora kwa haraka huyaunganisha yote, na delta inakuwa wavu. Fuata kila mkondo kwenye picha toka juu. Ukipotea ndani ya mikoko, acha uishe pale unapopotea. Hori iliyounganishwa na mto kimakosa inamwambia mwenye mashua kwamba kuna njia.

Mto unapogawanyika, jumla ya maji hugawanyika pia, kwa hiyo kila tawi liwe jembamba kuliko shina. Kutoka 0.5 shuka hadi 0.3, kisha acha bahari ilipanue karibu na pwani.

Utajuaje umefaulu: weka kidole Utete na ukipeleke hadi Bahari ya Hindi kwa mkondo wowote mkuu. Kisikutane na mstari unaokatiza maji, wala kisiruke pengo.

## Hatua ya 9: Mistari ya maji, kama ni lazima

Kuna mtindo wa kuzungushia pwani mikanda ya buluu inayofifia. Ctrl+Alt+J kwenye umbo la nchi hutoa nakala inayopanuka. Vuta, na uiweke chini ya nchi kavu.

Kwa eneo hili siipendekezi. Msomaji huisoma mikanda hiyo kama kina cha maji, na hapa ingemdanganya: bahari kati ya delta na Mafia haina kina kikubwa, ilhali mashariki ya Mafia inashuka ghafla. Mikanda yenye upana sawa pande zote mbili inasema vinginevyo.

## Hatua ya 10: Majina

Majina ya maji yawe ya mlazo na ya buluu, ili yasichanganyike na majina ya vijiji. Kwa mto, chora mstari mwongozo mpya uliolainishwa sambamba na mto, milimita 1 juu yake, kisha chagua maandishi na mstari huo na utumie Put on Path kwenye menyu ya Text. Usiyaweke maandishi juu ya mstari wa mto wenyewe, kila kona itazirusha herufi.

Rufiji inakwenda mashariki, hivyo jina linasomeka vizuri. Mto unaokwenda magharibi, kama Malagarasi inayoingia Ziwa Tanganyika, utakuletea jina lililopinduka ukiuiga mwelekeo wake. Geuza mwongozo peke yake kwa Reverse kwenye menyu ya Path. Mto usiuguse.

## Hatua ya 11: Ukaguzi na kutoa faili

Bonyeza Ctrl+5 uone mifupa mitupu bila rangi. Kwa mtazamo huu mapengo, nodi zilizopotea na njia zilizorudufiwa hujitokeza. Rudi kwenye rangi, kisha chapisha kwa nyeusi na nyeupe kwa ukubwa wa 100%. Kama mikondo ya 0.15 mm imekatika, kolezesha rangi kabla ya kuongeza unene, kwa sababu buluu hafifu huchapwa kwa vitone na mstari mwembamba hupotea kati yake.

Pima Mafia kwa rula kutoka ncha hadi ncha. Ikitofautiana sana na sentimita 5, printa imebana ukurasa. Tafuta mpangilio wa kuutosheleza ukurasa na uuzime.

Futa leya ya Picha kwenye nakala ya kutoa, andika chanzo cha data pembeni, kisha Shift+Ctrl+E. Kwa mtandaoni toa PNG ya dpi 300 (vitone 300 kwa inchi), itakuwa na pikseli karibu 1,736 kwa 1,299. Kwa kiwanda cha uchapaji hifadhi PDF. Faili ya SVG yenye leya zote na picha ibaki kwako: kingo za delta huhama, na picha ya mwaka ujao itawekwa chini ya mistari hii hii.